Kingamwili za malaria hazisemi u mgonjwa leo
Msomaji, katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira malaria huweza kuzuka ghafla baada ya mvua. Kujua ni wangapi wamewahi kuambukizwa, maabara hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, kwa sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Vishimo hupakwa protini ya vimelea. Kingamwili zikinasa, rangi hutokea.

Lakini sahani zote si sawa: nyingine hunasa protini zaidi. Damu za kaunti mbili zikipimwa kwa sahani tofauti, tofauti ya rangi yaweza kuwa ya plastiki tu.

Tena, rangi huonyesha maambukizi ya zamani pia. Ukishikwa na homa, omba upimwe vimelea vyenyewe, kwa darubini au kipimo cha haraka, kabla ya kumeza dawa.