Kijibwa cha Manyoya Marefu Nacho Chataka Ulinzi

Sisi askari tumezoea mbwa wa doria, mwenye manyoya mafupi. Lakini hapa Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, kijibwa cha nyumbani nacho kina adui: kupe, ajifichaye nyuma ya masikio na kati ya vidole, akieneza maradhi ya damu. Ndugu, tangulia kushika chanuo kabla ya maji, kwani manyoya yaliyosokotana yakilowa huzidi kukaza. Fumua fundo kwa vidole, ukianzia nchani. Mkasi hukata ngozi upesi. Kupe mshike karibu na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota. Ukisha kumwosha mbwa, mkaushe hadi shinani. Kazi hii tuliidharau, mpaka tulipofumua fundo moja tukakuta kidonda kibichi.