Kipimo cha Homoni za Wanaume: Mfanyakazi Ajue Nini?

Wapo wenzetu, wa saruji Bugarama na wa chai Shagasha, wanaoona haya kumweleza daktari uchovu usiokwisha, hamu ya ndoa iliyopungua, au miaka inayopita bila mtoto. Damu yaweza kutoa jibu, ikipimwa vizuri.

Homoni kuu ya mwanamume ni testosteroni. Hutengenezwa katika korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Amri hizo ni homoni mbili, LH na FSH.

Kwanza, tuangalie saa. Testosteroni hupanda asubuhi na kushuka jioni, hivyo damu hutolewa asubuhi kabla ya kula. Lakini mwenzetu anayetoka zamu ya usiku, asubuhi yake ni jioni. Na amweleze daktari zamu yake, apimwe muda mfupi baada ya kuamka.

Pili, kipimo kimoja hakitoshi. Malaria, pombe na kukosa usingizi hushusha homoni. Maabara nyingi huweka kiwango cha chini karibu na nanogramu 300 kwa desilita. Ukiwa chini yake, pima tena siku nyingine.

Tatu, tuulize LH na FSH. Testosteroni ikiwa chini na hizo zikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani. Zote zikiwa chini, huenda tezi haitoi amri.

Tusinunue sindano za testosteroni kiholela. Huzima amri za tezi, na mbegu za uzazi hupungua au hukoma kabisa. Anayetafuta mtoto atakuwa amejifungia mlango.

Mwaka 1977, huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda cha dawa za mashamba waliambiana kwamba wengi wao hawapati watoto. Wakapimwa. Walioathirika sana walikuwa na testosteroni ya kawaida, lakini FSH ilikuwa juu na mbegu zimekwisha. Sababu ilikuwa DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Mwaka 1979 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yake yote.

Kila mmoja angenyamaza, ingebaki aibu ya nyumbani kwake. Kwa hiyo wewe unayenyunyizia dawa, mtajie daktari jina la dawa hiyo. Na mkiwa wawili au watatu wenye shida moja, mwambieni mjumbe wa chama.