Kumfundisha Mwanafunzi wa Udaktari Kuingiza Mrija wa Kupumulia: Oksijeni Kwanza

Mgonjwa anapolazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji mkubwa, mara nyingi hupewa pia dawa zinazolegeza misuli, ikiwamo misuli ya kupumua. Kuanzia hapo pumzi yake huwa mikononi mwa watu wengine. Ili kuilinda, mtaalamu wa usingizi hupitisha mrija laini kinywani, katikati ya nyuzi za sauti, hadi ndani ya trakea, yaani bomba la hewa. Stadi hii huokoa maisha, lakini ikifanywa vibaya inaweza kuua katika dakika chache. Makala hii inaeleza jinsi mwanafunzi anavyopaswa kuandaliwa kabla ya kukabidhiwa jukumu hilo.

Somo la kwanza

Wanafunzi wengi hutamani kuanza na mrija. Mwalimu makini huanza na barakoa na mfuko wa kusukumia hewa. Sababu ni kwamba mgonjwa hafi kwa kukosa mrija. Hufa kwa kukosa oksijeni. Mwanafunzi anayeweza kuinua taya, kubana barakoa usoni bila kuvujisha hewa, na kuona kifua kikipanda na kushuka, tayari anaweza kumweka mgonjwa hai hata mrija ukishindikana.

Hufuata somo la akiba. Mtu mzima mwenye afya aliyevuta oksijeni tupu kwa takribani dakika tatu kabla ya kulala anaweza kustahimili dakika kadhaa bila kupumua. Asipoandaliwa hivyo, oksijeni katika damu huanza kushuka ndani ya dakika moja au mbili. Kwa mtoto mchanga, mjamzito na mtu mnene, muda huo ni mfupi zaidi.

Mkono na jicho

Mazoezi ya mikono huanza kwenye sanamu la mafunzo. Mwanafunzi hushika laringoskopu kwa mkono wa kushoto, huiingiza kutoka upande wa kulia wa kinywa, na kuusogeza ulimi kushoto. Kisha huinua kwa kusukuma mbele na juu, bila kuyafanya meno ya juu kuwa egemeo. Akikiona kidakatonge na nyuzi za sauti, hupitisha mrija huku akiutazama unavyoingia. Ukizamishwa mno, mrija huelekea kwenye pafu la kulia, nalo la kushoto hukosa hewa.

Sanamu halitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 nchini Uswisi ulionyesha kwamba madaktari walioanza mafunzo ya usingizi walihitaji wastani wa majaribio 57 ili wafaulu mara 9 kati ya 10. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari aliyefaulu mara tatu au nne hajawa fundi. Anapaswa kufanya kazi hiyo chini ya macho ya msimamizi aliye tayari kupokea vifaa wakati wowote.

Mrija umeingia wapi?

Nyuma ya trakea kuna umio, njia ya chakula. Mrija ukiingia humo, mapafu hayapati kitu. Sauti inayosikika kwa stetoskopu na ukungu unaoonekana ndani ya mrija vinaweza kudanganya. Kipimo cha kutegemewa ni hewa ya ukaa katika pumzi inayotoka, nayo inapaswa kuendelea kuonekana kwenye mashine kwa angalau pumzi saba. Isipoonekana, mrija uhesabiwe kuwa haupo mahali pake. Kama haiwezi kuthibitishwa haraka kwamba upo, utolewe na mgonjwa apewe oksijeni kwa njia nyingine.

Kujua kuacha

Mwaka 2005 nchini Uingereza, Elaine Bromiley alilazwa usingizi kwa upasuaji mdogo wa pua. Njia yake ya hewa ilishindikana. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kujaribu kuingiza mrija huku oksijeni ikiwa chini sana. Muuguzi alileta vifaa vya kutoboa koo na kusema kwamba viko tayari, lakini havikutumika. Elaine hakuzinduka, akafariki siku 13 baadaye. Mume wake, Martin Bromiley, ambaye ni rubani, amelifanya tukio hilo kuwa somo kwa watumishi wa afya duniani.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliweka kikomo cha majaribio matatu, na la nne kwa mtaalamu mwenye ujuzi zaidi tu. Mwanafunzi afundishwe kutamka kwa sauti: "Nimeshindwa, tumpe oksijeni." Vilevile muuguzi azoeshwe kusema, na daktari azoeshwe kumsikiliza.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Una haki ya kujua kama mwanafunzi atashiriki katika huduma yako, na ya kukataa bila matibabu yako kuathirika. Mweleze mtaalamu wa usingizi kuhusu meno yanayolegea, meno ya bandia, na kama uliwahi kuambiwa kwamba mrija uliingia kwa shida. Zingatia maelekezo ya kufunga kula, kwa sababu chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Koo likikuwasha siku moja au mbili baada ya upasuaji, hilo ni la kawaida. Ukishindwa kupumua vizuri, au sauti ikikauka kwa muda mrefu, rudi hospitalini.