Bursi ya kusomea unganga: dosie inaanza nyumbani, haingoje tangazo

Mwaka jana, mwezi wa nane, jioni moja, musichana mumoja aliingia mu ofisi ya sendika yetu hapa Kolwezi na bahasha ya kaki mukononi. Mama yake alimufuata nyuma. Baba hakukuja, juu alikuwa anajitayarisha kwa zamu ya usiku: ni mwenzetu, anaendesha kamyo ya mawe mu mugodi. Musichana alikuwa ametoka kushinda Examen d'État mu chimie-biologie, na asilimia 71. Alitaka kusomea unganga. Kampuni moja ilikuwa imetangaza bursi, ni kusema musaada wa kulipia masomo, kwa watoto wa wafanyakazi.

"Papa delege," akaniambia, "dosie yangu banairudisha. Banasema karatasi moja inakosa."

Karatasi ile ilikuwa acte de naissance. Alizaliwa nyumbani, Kapata, na siku zile hakuna mutu aliyeenda ku komine kumuandikisha. Tulikimbia ku tribinali kutafuta jugement supplétif. Siku tulipoipata, muda wa kupokea dosie ulikuwa umefungwa tangu siku tisa. Zile asilimia 71 zilibaki mu bahasha.

Nitasema na kosa langu pia. Lile tangazo nililiona wiki tatu mbele, limebandikwa ku mulango wa kampuni. Niliona, nikapita. Ku mukutano wetu wa Jumamosi tulizungumuza mushahara na zamu, sikulisoma. Mama yule hakunilaumu. Alisema tu: "Shiye bamama hatupite ku ule mulango." Neno lile lilinichoma kuliko matusi.

Kwa hiyo ninaandika haya kwa wazazi wote, wale wa kampuni, wale wa sutretansi, na wale bakrezere pia.

Juu ya nini unganga?

Mutu ataniuliza: kwa nini usimutume mutoto ku masomo ya mine, kwenye mushahara mukubwa? Jibu liko mu miili yetu. Kule Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti mpaka chini ya nyumba zao, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mukojo wa wakaaji. Walitangaza matokeo mu 2018: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi mu mwili kuliko watu wa kartie ya karibu isiyochimbwa, na watoto njo walikuwa na mingi zaidi.

Mu 2020 kukatoka uchunguzi mwingine, uliofanywa Lubumbashi na kuchapwa mu gazeti la wanganga, The Lancet Planetary Health. Ulionyesha kwamba mutoto ambaye baba yake anafanya kazi inayohusu mine ana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU ni mumoja wa wale waliofanya kazi zote mbili. Ni kusema, Mukongo anaweza kupima, anaweza kuandika, na dunia inamusoma. Lakini mumoja hatoshi. Tunahitaji munganga anayejua vumbi ni nini juu baba yake alirudi nalo nyumbani kila jioni, anayeweza kumuuliza mugonjwa kwa Kiswahili chetu, na kuandika mu dosie ya mugonjwa kile anachokiona.

Na bursi si kitu cha kuombea magoti. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, inchi yetu haikuwa na munganga hata mumoja Mukongo mwenye diplome kamili. Mukongo wa juu mu hopitali alikuwa assistant médical. Shirika la Afya Duniani (OMS) likatoa bursi, makumi ya wale ma-assistants wakaenda Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi wanganga kamili. Kumbe bursi njo ilitupatia wengi kati ya wanganga wetu wa kwanza.

Falanga iko wapi?

Baba zetu wa Gécamines hawakujiuliza ulizo hili sana: kampuni ilikuwa na hopitali yake na masomo yake. Mu 2003 kulikuja ile tuliita départ volontaire, na zaidi ya wafanyakazi 10 000 walitoka. Baba yangu alikuwa kati yao. Mimi nilimaliza sekondari, sikupita pale. Ninajua ladha ya diplome inayokaa mu sanduku.

Leo kuko milango mitatu ya kubisha.

Wa kwanza ni kampuni yenyewe. Code du travail ya 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza afya ya mufanyakazi na jamaa yake, lakini chuo kikuu cha mutoto hakimo. Ikiwa bursi haikuandikwa mu convention collective ya kampuni yenu, inabaki roho nzuri ya mukubwa: mwaka huu iko, mwaka ujao hakuna. Ulizeni delege wenu: imeandikwa?

Wa pili ni jamii. Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni inayochimba itoe kila mwaka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mugodi. Hesabu ni nyepesi: kampuni ikiuza shaba na kobalti ya dola milioni 100, ni dola 300 000. Falanga ile inaongozwa na chombo ambamo wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii wanakaa pamoja. Kuko tena cahier des charges, ile karatasi ambayo kampuni na jamii wanatia sahihi juu ya mambo kampuni itafanya. Watu wa kartie wakikaa kimya, yatachaguliwa mambo mengine. Wakisema "tunataka bursi za unganga, tano kila mwaka, na orodha ibandikwe inje watu waione", njo itazungumuzwa. Mutoto wa krezere, ambaye baba yake hana kampuni, mulango wake ni huu.

Wa tatu uko mbali kidogo. Tangu 2019, Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi iko na programu Excellentia kwa vijana walioshinda sana Examen d'État. BEBUC, iliyoanzishwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa, inasaidia wanafunzi bora mu vyuo vikuu vya Kongo. Na ARES ya Ubelgiji inatoa bursi kwa wale wako na diplome ya chuo tayari na miaka ya kazi: infirmie wa leo asiisahau kwa kesho.

Bahasha ya kaki

Sasa tuseme dosie. Kila bursi iko na masharti yake, na lazima kuyasoma yote. Lakini karatasi zinazorudi kila mara ninazijua, juu nimezibeba.

Acte de naissance njo ya kwanza. Mutoto akizaliwa, sheria inawapa wazazi siku 90 za kumuandikisha ku komine. Hapa mjini ni Dilala ao Manika. Siku zile zikipita, ni tribinali, ni safari, ni falanga. Kama mutoto wako wa miaka kumi hana karatasi hii, usingoje afike kumaliza sekondari. Anza wiki hii.

Ya pili ni buletini za miaka ya mwisho. Wengi wanatupa. Wengine wana deni ku masomo, na prefe anazishika. Lipa kidogo kidogo mbele ya Examen d'État, juu nyuma yake kila mutu anakimbia siku moja.

Angalia majina. Mutoto anaitwa hivi ku buletini, vile ku diplome, na acte inasema jina lingine tena. Herufi moja tu inaweza kurudisha dosie. Weka karatasi zote juu ya meza, soma herufi kwa herufi, mutoto na baba pamoja.

Kisha kuko ushuhuda wa afya, ule wa mwenendo muzuri, ule wa kuonyesha baba anafanya kazi wapi, picha, na fotokopi zenye muhuri. Tayarisha fotokopi tano tano.

Ya mwisho ni barua. Mutoto aiandike mwenyewe. Nimeona barua zilizonunuliwa ku sekretaria, zote zinafanana: "ninaomba kwa heshima kubwa". Mwenye kuzisoma anachoka. Mutoto aseme kitu alichokiona na macho yake: kikohozi cha baba, nkambo aliyezalia njiani, maji ya kartie. Aseme anataka kusoma nini na atarudi kufanya nini.

Na asifikiri unganga ni dokta peke yake. Miaka ya medesini ni mirefu, na bursi nyingine haziifikie. Kuko infirmie, mukunga, fundi wa laboratware, kinésithérapeute wa kunyoosha migongo yetu. Mutoto aliyemaliza A2 ku ITM anaweza kufanya kazi, kisha kuendelea ku ISTM. Mulima unapandwa pia kwa kuzunguka.

Neno moja la kuonya: mutu akikupigia simu anasema "tuma dola 50 ku namba hii, jina la mutoto lipite", kata simu. Tumia ile falanga kutengeneza karatasi.

Sendika nayo

Sisi madelege tuko na deni. Tangazo la bursi lisomwe ku mukutano na ku kanisa, lisikae ku mulango ambao bamama hawapite. Muda wa dosie usiwe wiki tatu. Watoto wa sutretansi waingie, juu vumbi haliulize kontra ya mutu. Na majina ya walioshinda, na pointi zao, yabandikwe inje.

Yule musichana hakukata tamaa. Mwaka wote amefundisha hesabu watoto wa kartie jioni, anaweka kidogo. Mwezi wa tatu alirudi mu ofisi na bahasha ile ile, imechakaa ku pembe. Tuliifungua juu ya meza, tukahesabu karatasi moja moja. Hakuna iliyokosa. Safari hii, Papa delege njo atasoma tangazo.