Simba wamo Entebbe, simba wapungua Katunguru: zuu ya mjini inaweza kuokoa nini?

Mkazi wa Katunguru hahitaji tiketi ili amwone kiboko. Jua likishazama, wanyama hao huibuka kutoka Mfereji wa Kazinga na kupanda nchi kavu kutafuta majani, na majani hayo mara nyingine huwa ni shamba la mtu. Kwa mkazi wa namna hiyo, bustani ya wanyama ya mjini, au zuu kama wengi tunavyoiita, ni jambo la kustaajabisha: kuna watu wanaolipa fedha wakamtazame mnyama aliyefungiwa, ilhali huku wapo ambao wangelipa fedha ili afungiwe.

Hata hivyo, historia ya Katunguru na ya zuu ya Entebbe zina uhusiano wa karibu. Mwaka 1952 eneo linaloizunguka Katunguru lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Jina la Queen Elizabeth lilikuja mwaka 1954, baada ya malkia huyo wa Uingereza kuizuru. Mwaka huo huo wa 1952, serikali ya kikoloni ilifungua huko Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kituo cha kupokea wanyama yatima, wagonjwa na waliojeruhiwa. Hifadhi iliwekwa ili mnyama alindwe pale alipo. Kituo kiliwekwa kwa ajili ya yule ambaye hakuwa tena na pa kukaa.

Swali ambalo wakazi wa Kasese huuliza, hasa kila zinapotoka habari za simba waliouawa, ni hili: ikiwa Entebbe kuna simba wanaolishwa nyama kila siku, mbona hawaletwi huku kuziba pengo? Jibu lake linahitaji tuanzie mbali kidogo.

Zuu za kale na deni lake

Zuu za miji ya Ulaya hazikuanzishwa kwa ajili ya uhifadhi. Ile ya Schönbrunn mjini Vienna, iliyoanzishwa mwaka 1752, ilikuwa fahari ya watawala. Ya London ilifunguliwa mwaka 1828 kwa wanachama wa chama cha wataalamu wa wanyama, na watu wa kawaida wakaanza kuruhusiwa mwaka 1847. Miaka mitatu baadaye kiboko mchanga aitwaye Obaysch, aliyekamatwa kwenye mto Nile, aliwasili London na umati ukafurika kumtazama. Bara la Afrika ndilo lililokuwa ghala la maonyesho hayo, na njia ya kawaida ya kumpata mtoto wa mnyama mkubwa ilikuwa kumwua mama yake kwanza.

Haikuishia kwa wanyama. Mwaka 1906 zuu ya Bronx, jijini New York, ilimweka Ota Benga, kijana kutoka Kongo, katika nyumba ya nyani ili watu wamtazame. Shirika linalomiliki zuu hiyo liliomba radhi mwaka 2020, yaani miaka 114 baadaye. Anayeandika juu ya zuu kwa wasomaji wa Afrika hana ruhusa ya kuliruka jambo hilo.

Na bado ni zuu hiyo hiyo ya Bronx iliyofanya mojawapo ya kazi ambazo Afrika Mashariki ina sababu ya kuzikumbuka kwa shukrani. Katika korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, mwaka 1996 wataalamu walimgundua chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyezidi ukucha wa kidole gumba, ambaye huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Aliishi katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko ya maji. Bwawa la umeme lilipojengwa, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, ambako zuu ya Bronx na baadaye ya Toledo walijifunza kwa taabu namna ya kuwalea. Katika miaka ya mwanzo wengi walikufa mikononi mwao. Huku nyumbani, ugonjwa wa ukungu ulimaliza waliobaki korongoni, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vyura mia moja walirejeshwa Tanzania mwaka 2010, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha Kihansi ikaanza.

Jiji lenye majengo marefu, maelfu ya kilomita kutoka Udzungwa, ndilo lililohifadhi mbegu ya kiumbe wa Udzungwa. Oman nayo ilipata msaada wa aina hiyo: choroa mweupe wa Arabuni alikwisha katika majangwa yake mwaka 1972, na waliorudishwa huko mwaka 1982 walitoka katika makundi yaliyozalishwa kifungoni, likiwamo la zuu ya Phoenix nchini Marekani.

Entebbe ilipopotea njia, na iliporudi

Kituo cha Entebbe hakikubaki hospitali ya yatima kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 kiligeuzwa zuu ya mtindo wa zamani, hata kikafuga chui milia na dubu, wanyama ambao hawajawahi kuishi Uganda. Kisha zikaja fujo za miaka ya 1970 na vita, na vizimba vikachakaa pamoja na nchi. Mwaka 1994 kilianzishwa upya kama kituo cha elimu ya wanyamapori, kikirejea kwa wanyama wa Uganda na makazi yanayofanana na yale ya porini. Leo ndicho mahali ambapo mtoto wa Kampala, ambaye huenda asifike Kazinga maishani mwake, humwona tembo kwa mara ya kwanza.

Wengi wanamkumbuka Zakayo, sokwe dume aliyeishi hapo tangu miaka ya 1970 hadi alipokufa Aprili 2018, akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 54. Vizazi vya wanafunzi vilipita mbele yake.

Lakini hesabu ya uhifadhi haihesabu wageni pekee. Tuwatazame tembo na faru. Tembo wa Queen Elizabeth walichinjwa kwa ajili ya pembe katika miaka ya Idi Amin na vita vilivyomwondoa, hata kufikia mwaka 1980 walibaki kiasi cha 150 tu. Leo ni maelfu, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kutoka zuu. Waliosalia walizaana, na wengine walivuka wenyewe kutoka Virunga, upande wa Kongo, kwa sababu hifadhi hizo mbili zimepakana na tembo haulizwi pasipoti.

Faru hawakuwa na mlango wa nyuma wa namna hiyo. Kufikia mwaka 1983 hakuna faru aliyebaki katika mapori ya Uganda, wala jirani ambako wangeweza kuvuka. Ilibidi wabebwe. Wawili weupe waliletwa Entebbe kutoka Solio, Kenya, mwaka 2001, ili Waganda waone walichokipoteza. Mwaka 2005 wengine wanne kutoka Solio walipelekwa Ziwa, wilayani Nakasongola, na mwaka 2006 wakafuata wawili kutoka bustani ya Disney huko Florida. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 2009. Kwa kuwa baba alitoka Kenya na mama Marekani, alipewa jina la Obama. Idadi yao imekuwa ikiongezeka tangu hapo.

Kwa maoni yangu, tofauti hiyo inaeleza mengi kuliko hotuba nyingi. Panapobaki mnyama wa porini na njia ya kupita, hifadhi hujiponya yenyewe. Zuu huwa na la kufanya pale tu mambo yalipokwisha haribika.

Kwa nini simba hawarudi

Simba wa Queen Elizabeth wako katikati ya hali hizo mbili. Bado wapo, lakini wamepungua sana. Aprili 2018 simba kumi na mmoja, wanane kati yao wakiwa watoto, walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu. Machi 2021 wengine sita walikutwa Ishasha wamekufa, vichwa na nyayo vikiwa vimekatwa. Majike wamekuwa wachache, na madume wanalazimika kuwatafuta mbali. Mwaka 2024 watafiti walieleza jinsi Jacob, simba aliyepoteza mguu mmoja katika mtego wa majangili mwaka 2020, alivyoogelea Mfereji wa Kazinga usiku pamoja na nduguye Tibu, umbali wa zaidi ya kilomita moja, katika maji yenye mamba na viboko. Daraja la Katunguru lipo, lakini daraja lina watu na magari, na simba huyaogopa hayo kuliko mamba.

Hofu hiyo ndiyo anayoikosa simba aliyelelewa na binadamu. Tangu utoto amezoea kwamba mtu ni chakula kinachokuja. Akiachiliwa, atawafuata watu na ng'ombe wao. Hajafunzwa kuwinda, kazi ambayo mtoto wa simba huijifunza kwa mama na shangazi zake kwa muda wa miaka miwili hivi. Kundi la porini nalo halimpokei mgeni. Humfukuza au kumwua. Na hata akiyashinda yote hayo, sumu na waya vilivyowaua waliomtangulia bado vinamngoja. Kumleta simba kutoka Entebbe kabla ya kumaliza ugomvi kati ya mfugaji na simba ni kumwaga maji katika mtungi uliotoboka.

Kuhusu sokwe hali ni ngumu zaidi, na hapa hifadhi yetu ina sehemu katika historia isiyojulikana na wengi. Katika miaka ya 1990, Entebbe ilipojaa sokwe yatima, baadhi yao waliwekwa kwenye kisiwa cha Isinga, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kisiwa kilikuwa kidogo mno. Oktoba 1998 sokwe wa Isinga na wa Entebbe, jumla yao 19, walihamishiwa kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, chenye msitu wa ekari mia moja hivi. Hata huko wanalishwa kila siku kwa sababu msitu hauwatoshi, na majike huwekewa dawa ya kuzuia mimba ili nafasi ibaki kwa yatima wapya. Kuwapeleka wakaishi na sokwe wa korongo la Kyambura haiwezekani: madume wa porini huwashambulia wageni hadi kuwaua, na sokwe aliyeishi na watu aweza kubeba maradhi ya watu, kama kifua kikuu, akaliangamiza kundi zima.

Nyuma ya kila yatima mmoja kuna damu. Mama sokwe hamwachii mtu mwanawe. Ili mtoto achukuliwe, mama huuawa, na mara nyingi wakubwa wengine waliojaribu kumtetea. Mnunuzi wa mtoto mmoja, hata akidai anamwonea huruma, ameagiza vifo hivyo.

Anayelipa gharama

Kituo kama cha Entebbe hutegemea sana fedha za viingilio. Corona ilipofunga milango mwaka 2020 fedha hizo zilikatika, lakini simba hakujua habari za karantini. Alitaka nyama yake. Wakazi wa vijiji vya uvuvi vilivyo ndani ya hifadhi wana hesabu yao pia. Sheria inaagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii jirani, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka mfuko wa fidia kwa aliyejeruhiwa au kuharibiwa mali. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kifungo cha maisha kwa anayeua au kufanya biashara ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mtu aliyepoteza ng'ombe usiku wa leo huzipima sheria hizo kwa kasi ya fidia, na mfugaji asiyeiona fidia ndiye anayeshawishika kutia sumu kwenye mzoga.

Kwa anayekutana na mtoto wa mnyama, ushauri wa wataalamu ni mfupi. Mtoto wa swala au kuro aliyelala peke yake majanini kwa kawaida si yatima. Mama yake humficha na kurudi kumnyonyesha, na anayembeba nyumbani ndiye anayemfanya yatima. Mwache, ondoka, na ikiwa ameumia au mama yake amekufa, toa taarifa kwa ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori zilizopo Katunguru, kwa polisi au kwa mwenyekiti wa LC. Kasuku wa kijivu na kakakuona, ambao biashara yao ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 2016, wasinunuliwe hata kwa nia ya kuwaachilia, wawe wamevushwa Mpondwe ndani ya kikapu au wameletwa mlangoni. Muuzaji akishapata bei yake, atarudi msituni kuchukua wengine.