"Kusoma" Moja, Sura Mbili za Kiingereza

Wanafunzi wa Kisangani waanzapo Kiingereza hukuta ugumu ambao lugha zao hazikuwazoeza. Katika Kiswahili twasema "nataka kusoma" na "nimemaliza kusoma". "Kusoma" ni lile lile. Kifaransa cha shuleni nacho hutumia "lire" mahali pote pawili. Kiingereza kina sura mbili: "to read" na "reading". Basi mwanafunzi achague ipi?

Kwanza, kitenzi kinachotangulia ndicho kiamuacho. "Want", "hope", "decide" na "promise" hufuatwa na "to": "I want to read". "Finish", "enjoy" na "avoid" hutaka "-ing": "I finished reading". Yafaa kukariri kila kitenzi pamoja na mwenzake, kama tunavyojifunza jina la Kifaransa pamoja na "le" au "la" yake.

Pili, tuangalie maneno kama "before", "after" na "without". Sisi husema "kabla ya kula", na Kifaransa "avant de manger". Ndiyo sababu wengi huandika "before to eat". Iliyo sahihi ni "before eating".

Tatu, vitenzi vichache hukubali sura zote mbili, lakini maana hugeuka. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Uganda, ambako Kiingereza hutumika maofisini. Tuseme kijana amwombea kaka yake kazi ya udereva huko Kampala. Akiandika "My brother stopped drinking", tajiri ataelewa kwamba kaka ameacha pombe. Akiandika "My brother stopped to drink", kaka alisimama njiani ili anywe! Nani atamkabidhi gari?

Kadhalika, "I remembered to lock the door" maana yake sikusahau, nikafunga mlango. "I remember locking the door" maana yake nakumbuka tendo lililokwisha kufanyika. Mara nyingi "to" hutazama mbele, na "-ing" hutazama jambo lililotendeka au linaloendelea. Lakini hiyo si sheria ya daima: "suggest" hutazama mbele, nayo hutaka "-ing".

Kwa hiyo twawashauri wanafunzi wasiandike daftarini neno moja peke yake, bali sentensi nzima. Nao wazazi, hata wasiojua Kiingereza, waweza kumwuliza mtoto jioni: "Sentensi hii maana yake nini kwa lugha yetu?" Akiweza kueleza tofauti, ameelewa.