Glavu na Soksi za Umeme: Kabla Hujaandika "Zinakaa Masaa 8", Soma Hapa



Huku Mikocheni feni inazunguka usiku kucha, halafu mtu anakwambia uuze glavu za kupasha mikono joto. Inachekesha. Lakini wateja wapo, na wengine wanalipa bila kubembelezwa. Tatizo ni kwamba sisi wauzaji wa Dar hatuijui baridi, kwa hiyo tunauza kitu tusichowahi kukihitaji, kwa maneno tuliyonakili kwa muuzaji wa jumla.

Mimi nilishalipa ada ya somo hili. Niliposti glavu za betri, nikaandika "zinakaa masaa 8" kwa sababu boksi liliandika hivyo. Dada mmoja akanunua, anakwenda Kilimanjaro. Aliporudi hakunitukana, alinitumia ujumbe mfupi tu: "Kaka, zilizima saa nane usiku. Kiongozi wangu alinivua, akaniwekea mikono kwapani kwake." Nilimrudishia hela yake. Lakini nikajiuliza, angekuwa hana kiongozi makini je?

Kwa hiyo leo tuelewane vizuri kuhusu bidhaa hii.

NANI ANANUNUA?

1. Wapanda Kilimanjaro. Hawa ndio wateja wakubwa. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Wengi huondoka kambi ya mwisho, Barafu au Kibo, karibu saa sita usiku, wanatembea masaa sita mpaka nane kufika juu alfajiri. Baridi ya huko usiku huweza kushuka nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, bado hujaweka upepo. Msimu mkubwa ni Juni mpaka Oktoba, na mwingine kuanzia Desemba mwishoni mpaka mwanzoni mwa Machi. Pia kuna makundi ya Watanzania yanayopanda kuelekea Desemba 9, kukumbuka mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipopeleka mwenge na bendera kileleni. Wengi wa hawa wanatoka hapa hapa Dar na hawana kifaa hata kimoja cha baridi.

2. Wanaosafiri. Mwanafunzi anakwenda Ulaya, China au Canada. Mama anakwenda kumtembelea mtoto wake Januari.

3. Wafanyakazi wa vyumba vya baridi, kwenye samaki na nyama. Wachache, lakini wananunua na wanarudi.

4. Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto, kuanzia Juni mpaka Agosti. Hapa tuwe wakweli: bodaboda wa Makete anayetoka saa kumi na moja alfajiri anahitaji glavu nene isiyopitisha upepo na soksi za sufu. Ya umeme kwake ni ghali na inahitaji kuchajiwa kila siku. Muuzie kinachomfaa, atakuletea kijiwe kizima.

INAFANYAJE KAZI?

Si kitu kipya. Marubani wa vita vya dunia walivaa nguo, glavu na viatu vya kupashwa kwa umeme kwa sababu ndege zao hazikuwa na joto. Kilichobadilika ni betri.

Ndani ya glavu kuna waya mwembamba au nyuzi za kaboni zilizoshonwa kati ya bitana na kitambaa cha nje. Umeme ukipita, waya unapata moto, kama koili ya heta lakini kidogo. Betri inakaa kwenye mfuko mdogo wa kifundo cha mkono, au juu ya soksi karibu na shavu la mguu. Kuna kitufe chenye hatua tatu: chini, kati na juu.

Kitu cha kuangalia: waya unafika wapi? Glavu rahisi zinapasha mgongo wa kiganja tu, wakati baridi inaanza kuuma ncha za vidole. Soksi nzuri zinapasha sehemu ya vidole vya mguu, siyo kisigino.

HAPA NDIPO WENGI TUNAPIGWA: mAh

Muuzaji wa jumla anakuonyesha namba kubwa ya mAh, na wewe unadhani kubwa ndiyo bora. Namba hiyo peke yake haisemi chochote. Lazima uizidishe na volti, upate Wh, yaani kiasi cha umeme kilichohifadhiwa.

Hesabu ni hii: volti × mAh ÷ 1,000 = Wh.

Glavu A: volti 3.7, mAh 4,000. Jibu: Wh 14.8.
Glavu B: volti 7.4, mAh 2,200. Jibu: Wh 16.3.

Umeona? B ina namba ndogo lakini umeme mwingi zaidi. Na uwe macho na janja hii: wengine wanajumlisha betri mbili za pea wanaandika 4,400, kumbe kila mkono una 2,200. Soma kilichoandikwa kwenye betri yenyewe, siyo kwenye boksi.

Sasa muda. Gawanya Wh kwa wati ambazo glavu inakula. Tuseme glavu B inakula wati 8 ikiwa juu kabisa: 16.3 ÷ 8 ni kama masaa mawili. Ikiwa chini, wati 3, ni masaa matano na kitu. Kwa hiyo yale "masaa 8" ya kwenye boksi, hata kama ni kweli, ni ya hatua ya chini kabisa, ndani ya chumba chenye joto.

Na mlimani kuna adui mwingine. Betri za lithiamu zikipata baridi zinatoa umeme kidogo kuliko kawaida. Ndiyo maana simu ya mtu inazima kileleni ikiwa na asilimia 40. Rudi kwenye hesabu ya dada yule: aliwasha juu kabisa saa sita usiku, zikazima saa nane. Glavu haikuwa mbovu. Maneno yangu ndiyo yalikuwa mabovu.

JARIBU MWENYEWE, FRIZA UNALO

Friza la nyumbani huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Hiyo ni baridi ya Kilimanjaro kabisa, iko jikoni kwako.

Chukua pea moja katika kila mzigo. Chaji mpaka ijae. Mkono mmoja uwashe juu kabisa mezani, uandike muda. Mwingine uwashe hivyo hivyo, uuweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uingize kwenye friza, uwe unachungulia. Andika muda. Usitoke nyumbani ukaiacha. Ukiitoa, iache ndani ya mfuko mpaka ipoe ubaridi, isipate unyevu. Na usichaji betri ikiwa bado ya barafu, inaharibika. Subiri irudi kwenye joto la kawaida.

Namba mbili ulizopata ndizo unazoweka kwenye tangazo. Hakuna mshindani wako mwenye namba hizo.

MWAMBIE MTEJA HAYA

- Asiwashe tangu kambini. Aanze na hatua ya chini kabla vidole havijafa ganzi, apandishe akifika kwenye upepo.
- Betri za akiba akae nazo kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.
- Achukue saizi inayoacha nafasi. Glavu au soksi ya kubana inazuia damu, na damu ndiyo joto lenyewe.
- Avae glavu nyembamba ndani na abebe glavu nene za kawaida kama akiba. Umeme ni msaada, siyo mbadala.
- Kufua: atoe betri, afue kwa mkono, asikamue kwa kuzungusha, aanike kivulini.
- Vile vipakiti vya kutikisa vinavyotoa joto vinategemea oksijeni ya hewani. Kule juu hewa ni nyepesi, joto lake linapungua. Asitegemee hivyo peke yake.

USIUZE KAMA DAWA

Mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua. Joto la nyuzi 44 au 45 mkononi unaona la kawaida, lakini likikaa kwenye ngozi masaa kadhaa linaunguza. Muulize mteja kwa heshima: "Samahani mama, miguu inasikia vizuri moto na baridi?" Akisema hapana, mwambie aongee na daktari wake kwanza. Wala mtu asilale amevaa zikiwa zimewashwa.

Vilevile, kuna wenye selimundu wanaojikinga na baridi kwa sababu inaweza kuwaletea maumivu. Kuwauzia kitu cha joto sawa. Kuandika "inatibu" hapana. Ni uongo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

MZIGO NA USAFIRI

Betri za lithiamu hazisafiri kama nguo. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazopakiwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Kwa hiyo mwambie ajenti wako wazi kwamba mzigo una betri, kabla hujalipa. Kuandika "nguo" ili upate bei nafuu kunaweza kukwamisha mzigo wote, na betri ikishika moto angani siyo hasara ya hela tena. Suala la viwango waulize TBS pale Ubungo mapema, kabla mzigo haujafika.

Kwa mteja anayepanda ndege: betri za akiba na pawabenki zinabebwa kwenye begi la mkononi, siyo la kwenda chini. Chini ya Wh 100 kwa kawaida haina shida, na glavu zetu hazifiki hata 20 kwa betri. Mwandikie Wh kwenye karatasi ndani ya boksi, itamsaidia akiulizwa.

Kwa mteja wa Moshi, Arusha au Njombe, mzigo unapanda basi kama kawaida pale Magufuli, Mbezi Luis. Zima kabisa, toa betri kwenye glavu, ifunge isigusane na chuma.

HESABU YA FAIDA (mfano tu)

Tuseme umeagiza pea 10. Bei ya kununua 65,000, usafiri na kodi 12,000, kifungashio na kupeleka 5,000. Jumla kwa pea ni 82,000, kwa zote 820,000.

Pea moja ikifa kwenye majaribio, unabaki na tisa. Sasa gharama halisi ya kila moja siyo 82,000 bali kama 91,100. Ukiuza 120,000, pea tisa zinakupa 1,080,000. Faida 260,000. Ukimrudishia mteja mmoja hela yake, faida inashuka mpaka 140,000.

Yaani tangazo moja la uongo linakula karibu nusu ya faida ya mzigo mzima. Ukweli ni nafuu.

Ongezea hapo: uza betri za akiba. Anayepanda mlima anahitaji pea mbili. Na watafute wanaokodisha vifaa Moshi, wao wananunua nyingi kwa mpigo na wanajua kuzitunza.

TANGAZO LANGU LA SASA

"Glavu za umeme, betri 2, kila moja Wh 16. Nimezipima mwenyewe: hatua ya juu mezani saa 2, ndani ya friza saa 1 na dakika 20. Kwa Kilimanjaro chukua betri za akiba, nina punguzo. Niambie unakwenda wapi nikushauri."

Muda huo ni wa mzigo wangu. Wewe pima wako.

Nilipoanza kuandika hivi niliogopa wateja watakimbia. Wachache walikimbia kweli. Waliobaki wanauliza maswali mazuri, wananunua betri za akiba, na wakishuka mlimani wananitumia picha wakiwa kileleni. Yule dada wa kwanza? Alirudi mwaka uliofuata, akanunua pea mbili na betri nne. Moja ilikuwa zawadi ya yule kiongozi wake.

Mtumie mwenzako anayetaka kuagiza mzigo wa baridi. Kazi njema.